Kutunza kiwanja kidogo cha ndege kijijini: mwongozo kamili kwa kamati ya kijiji

Mwongozo huu nawaandikia wanakamati wa vijiji vilivyo mbali na lami, hasa vya ukanda wa wafugaji kaskazini mwa Tanzania: Ngorongoro, Longido, Simanjiro, hadi pembezoni mwa Ziwa Eyasi. Masika yakishika kasi barabara hukatika, na mama aliyekwama kwenye uchungu hawezi kungoja korongo lipungue maji. Huduma ya madaktari wanaoruka ya AMREF ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, kwa sababu hiyohiyo. Baadaye mashirika kama MAF na Flying Medical Service nayo yakawa yanatua vijijini kwa kliniki za mama na mtoto na kubeba wagonjwa mahututi.

Ndege zipo na marubani wapo. Kinachoamua kama watatua kwenu ni hali ya ardhi yenu asubuhi hiyo, na kama kuna mtu anayeijua hali hiyo na kuisema kwa ukweli. Greda linaweza kuja mara moja likasawazisha likaondoka. Kiwanja kinabaki hai kwa sababu kuna mwanakijiji anayekipita kwa miguu, anayetambuliwa na kulipwa kwa kazi hiyo. Mkiwa na fedha kidogo, mtu huyo awe wa kwanza kwenye bajeti, kabla ya rangi na kabla ya uzio.

Ardhi iwe na maandishi

Viwanja vingi vimeliwa na mashamba na maboma taratibu, mita kumi leo, mita kumi mwakani, bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Dawa ni kuliweka jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, likapitishwa na kuandikwa kwenye muhtasari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, kwa hiyo eneo la kiwanja liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kama zinavyoingizwa malisho na vyanzo vya maji. Tungeni pia sheria ndogo ya kukataza kulima, kujenga, kuchimba mchanga na kupitisha magari ndani ya eneo hilo, na ipelekwe halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Bila idhini hiyo, faini mtakazotoza zitapingwa.

Eneo ni kubwa kuliko ile njia ambayo magurudumu yanapita. Kwa ndege ndogo, njia yenyewe huwa na upana wa mita 18 hivi, lakini sehemu iliyofyekwa na kusawazishwa inatakiwa ifike mita 30 kila upande kuanzia katikati, jumla 60. Huo ndio usalama wa ndege inayoyumba na kutoka nje ya mstari. Wekeni mipaka kwa nguzo fupi au kwa mkonge uliopandwa nje kabisa ya eneo hilo.

Kabla ya kuchimba chochote, andikeni barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kupitia wilaya, na ongeeni mapema na shirika litakalotumia kiwanja. Kwa Kenya mamlaka hiyo ni KCAA. Rubani mzoefu akija kwa gari akatembea nanyi eneo zima siku moja, atawaokolea miezi ya kazi.

Urefu: msikisie

Swali la kwanza la kila kijiji ni "mita ngapi?" Jibu linategemea ndege, mwinuko wa mahali, joto na mteremko. Hewa ya mlimani ni nyepesi, hewa ya moto ni nyepesi zaidi, na ndege inahitaji kukimbia mbali kabla haijanyanyuka. Kanuni ya makadirio inayotumika kimataifa ni hii: ongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto lililozidi kiwango cha kawaida cha mwinuko huo, kisha asilimia 10 kwa kila asilimia 1 ya mteremko.

Tuchukue mfano. Ndege inayohitaji mita 600 pwani, kwenye joto la nyuzi 15, inakuja kijiji kilicho mita 1,500. Mwinuko peke yake unaongeza asilimia 35, tunafika mita 810. Kwa mwinuko huo joto la kawaida ni kama nyuzi 5. Kwenu mchana wa mwezi wa joto ni 30, yaani zimezidi 25. Ongeza asilimia 25, tunapata kama mita 1,012. Kama njia ina mteremko wa asilimia 1, tunafika kama mita 1,114. Kumbe mita 600 zimekaribia kuwa mara mbili, na ndege ni ileile, yenye mzigo uleule.

Hesabu hii ni ya kuwafungua macho tu. Kanuni yenyewe inasema masahihisho ya mwinuko na joto yakizidi asilimia 35 kwa pamoja, kama yalivyozidi hapa, ni lazima mtaalamu afanye uchunguzi maalumu. Kwa hiyo tengeni nafasi ya kurefusha hata kama leo hamuihitaji. Mfano huu unaeleza pia kwa nini rubani hupenda kuondoka asubuhi, na kwa nini siku nyingine hukataa abiria wa nne ilhali kiti kipo wazi. Msimlazimishe.

Mwelekeo, miti na minara

Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo. Viwanja vya Arusha na Kilimanjaro vyote vimelazwa mashariki na magharibi, na namba zake ni 09 na 27, yaani nyuzi 90 na nyuzi 270 za dira. Msiige tu, maana milima na mabonde hugeuza upepo. Pandisheni kitambaa chepesi kwenye mti mrefu, mwandike asubuhi, adhuhuri na jioni upepo unatoka wapi, kwa misimu yote ya mwaka. Wazee wanaochunga upande huo wanajua mengi. Waulizeni kabla ya kununua dira.

Kwa miti iliyo kwenye mwisho wa njia kuna kipimo rahisi cha moja kwa ishirini: kwa kila mita 20 kutoka mwisho wa njia, kitu kisizidi urefu wa mita 1. Mgunga wa mita 10 basi uwe umbali wa mita 200 au zaidi. Mnara wa simu wa mita 40 ukisimama kwenye mstari wa ndege kuingia, uwe mbali mita 800 au zaidi. Makampuni ya minara hupenda sehemu tambarare karibu na watu, kwa hiyo wakija kuomba eneo, ramani ya kiwanja iwe mezani siku hiyohiyo.

Maji ndiyo adui mkubwa

Hapa ndipo nawaomba mtulie. Kiwanja kilichojengwa vizuri kikakosa mifereji kitaharibika masika ya kwanza.

Angalieni udongo kwanza. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama ulimbo mvua ikinyesha, haufai. Ukikauka unaonekana mgumu kama sakafu, ukilowa ndege inazama hadi tumboni. Tafuteni mahali penye udongo mwekundu wenye changarawe, au mgongo wa ardhi ulioinuka kidogo. Kama hakuna pengine, itabidi msombe moramu na kuishindilia, na hiyo ni gharama ambayo lazima mwijue kabla ya kuanza.

Njia iwe na mgongo: katikati pawe juu kuliko kingo. Mteremko wa asilimia 2 kila upande unatosha. Kwa njia ya mita 18, kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 9, kwa hiyo katikati panazidi ukingo kwa sentimita 18. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo kwa uhakika. Tumieni mpira mwembamba wa plastiki unaoonesha maji ndani, ule mafundi wa ujenzi wanaopatia levo: mtu mmoja anashika ncha katikati, mwingine ukingoni, maji yakitulia mnapima. Fanyeni hivyo kila baada ya mita 25, kwa urefu wote. Ni kazi ya siku nzima na inachosha, lakini dimbwi mnaloliziba leo kwa mpira wa maji ni safari ambayo haitafutwa mwezi wa nne.

Upande ambao ardhi inapanda, chimbeni mfereji wa kukinga, ili maji ya mlimani yageuzwe kabla hayajagusa njia. Mfereji uwe nje ya zile mita 30, uwe mpana na wa kina kifupi, na kuta zake zilale taratibu. Mtaro mwembamba wenye kuta wima ukikamata gurudumu, ndege itapinduka. Pale mfereji unapomwaga maji, pangeni mawe ili mmomonyoko usirudi nyuma kuelekea njia.

Nyasi fupi zenye kutambaa, hasa ukoka, zinashika udongo vizuri kuliko ardhi tupu. Msikwangue kila kitu hadi ibaki vumbi. Fyekeni tu ziwe fupi, kwa sababu nyasi ndefu zinaficha jiwe, shimo na swala aliyelala.

Baada ya mvua kubwa, endesheni gari lenye mzigo, Land Cruiser au pikapu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Tazameni alama za tairi. Pale linapozama, tieni fito na mmweleze rubani ni mita ngapi kutoka upande upi. Kipimo kingine cha wakati wa kiangazi: gari likienda kilomita 50 au 60 kwa saa na abiria akawa anarushwa kwenye kiti, njia haijasawazika.

Vichuguu na mashimo

Kichuguu kikikatwa tu usawa wa ardhi, kitaota tena baada ya wiki chache, na ubaya zaidi ni kwamba chini pamebaki vyumba vitupu. Gurudumu la mbele la ndege, ambalo ni dogo na hubeba sehemu nyeti, linaweza kutumbukia mahali ambapo watu wamepita mwaka mzima bila shida. Chimbeni hadi mkute chumba cha malkia, mumtoe, kisha endeleeni hadi udongo mzima usio na njia za mchwa. Jazeni kwa tabaka za sentimita 15: mwage udongo wenye changarawe, nyunyizeni maji kiasi cha kuulowesha bila kuwa tope, shindilieni kwa gogo zito lenye mikono miwili, ndipo tabaka linalofuata. Mkijaza shimo lote kwa mara moja, juu patakuwa pagumu na chini palegevu, na masika patabonyea.

Palipo na mchwa pana muhanga. Mnyama huyu hutoka usiku, na usiku mmoja humtosha kuchimba shimo la kumeza mguu wa mtu mzima hadi gotini. Fisi na ngiri hulipanua. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa jana jioni hausaidii kitu; njia ipitiwe asubuhi ileile ya ndege, kwa miguu, kwa kwenda upande mmoja na kurudi upande wa pili.

Alama na soksi ya upepo

Kingo za njia zionekane kutoka angani. Alama za bapa za mita 1 kwa 3 zilizopakwa rangi nyeupe, au koni fupi zisizozidi sentimita 50, zinatosha. Mawe makubwa yaliyopakwa chokaa hupendwa kwa kuwa ni ya bure, lakini jiwe lililosimama ni hatari kwa tairi na propela. Yazikeni hadi uso wake uwe sawa na ardhi.

Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaojaa hewa juu ya mlingoti, iwe na urefu wa mita 3.6 na mdomo wenye upana wa sentimita 90, ya rangi nyeupe au ya chungwa. Fundi cherehani wa kijijini anaweza kuishona. Jua huichakaza, hivyo shoneni mbili. Iwekwe mahali isipokingwa na miti wala majengo. Soksi nyingi hunyooka kabisa upepo unapofika noti 15, kama kilomita 28 kwa saa. Siku ambayo haipo, washeni moto wa majani mabichi pembeni, mbali na njia, rubani ausome moshi.

Mifugo, watoto na bodaboda

Uzio wa miiba husaidia kuzuia mbuzi, ila nyumbu na pundamilia hawaujali, na watu huufungua ili wapite njia ya mkato. Nimeona viwanja vilivyozungushiwa uzio vikiwa na njia ya baiskeli katikati, na vingine visivyo na uzio vikiwa safi, kwa sababu kijiji kilikaa kikakubaliana njia mbadala ya ng'ombe kwenda majini. Anzeni na makubaliano hayo. Kiangazi, kondoo na mbuzi wachache wenye mchungaji wanaweza kula nyasi humo na kuzifupisha. Ng'ombe wakati wa mvua, hapana kabisa: kwato zinaacha mashimo yanayokauka kama matofali. Bodaboda vilevile huacha michirizi ambayo maji huigeuza mifereji.

Siku ya ndege, weka watu wazima wanne, wawili kila upande, nusu saa kabla ya muda. Kazi yao ni mifugo, watoto na mbwa. Ndege ikisikika, hakuna mtu kuvuka, hata kwa kukimbia.

Msimamizi wa kiwanja na taarifa kwa rubani

Chagueni msimamizi mmoja na msaidizi mmoja. Wawe na simu yenye chaji, namba za mashirika, daftari, na ujasiri wa kusema "leo hapana" hata mwenyekiti akiwa amesimama pembeni na mgonjwa ni wa ukoo wake. Kijiji kimkinge mtu huyo kwa hilo. Taarifa ya kupamba huua watu.

Rubani atataka kujua: sehemu ipi ni kavu na ina mita ngapi, upepo unatoka wapi na nguvu yake, mawingu, na mifugo. Msiseme "hali ni nzuri". Semeni vitu vinavyoonekana: "Kilele cha mlima wa kaskazini kimefunikwa, shule iliyo kilomita tatu tunaiona vizuri, mvua iko mashariki inakuja huku."

Mambo mawili yameshapoteza safari nyingi. La kwanza ni namba za mahali mlipo (latitudo na longitudo) zinazosomwa kwenye simu. Nyuzi 2 na dakika 30 kusini ikiandikwa kwa desimali ni 2.50, siyo 2.30. Ukikosea hapo umemsogeza rubani kama kilomita 22, porini ambako kila kitu kinafanana. Simameni katikati ya njia, msome simu, muandike kama ilivyo pamoja na alama zake, na muibandike karatasi hiyo ukutani zahanati. La pili ni saa. Marubani hutumia saa za kimataifa, UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ujumbe wa "0600 UTC" maana yake ni 9:00 kwenye simu, yaani saa tatu asubuhi. Ukiusoma kama saa sita mchana, ndege itafika uwanjani pakiwa na punda tu. Rudieni kwa maneno: "Saa tatu asubuhi, saa za hapa nyumbani, sivyo?"

Viwanja visivyo na taa ni vya mchana. Kwetu jua likizama giza halichelewi, na rubani anahitaji mwanga wa kufika, kupakia na kurudi. Muuguzi akiona asubuhi kwamba mgonjwa anaelekea kubaya, simu ipigwe asubuhi. Kungoja hadi saa kumi jioni ni kumlaza mgonjwa usiku mzima.

Ndege ikitua

Hakuna anayesogea hadi injini izime na propela isimame kabisa. Ikizunguka haionekani. Mkaribie ndege kutoka nyuma ya bawa, rubani akishawaashiria, na kamwe msipite mbele. Shuka na kanga zifungwe vizuri, kofia zivuliwe, watoto wabaki na mtu wao.

Mgonjwa awe ameshapimwa uzito kwa mizani ya zahanati, pamoja na msindikizaji na mzigo wao. Cessna 206 ikiruka haitakiwi kuzidi kilo 1,633, na hapo kuna ndege yenyewe, mafuta, rubani na kila mtu. Ndiyo maana ndugu watano hawawezi kusindikiza, na ni vema jambo hilo limalizwe nyumbani, siyo chini ya bawa. Karatasi ya rufaa iende mkononi mwa msindikizaji, na muuguzi amweleze rubani au daktari kama kuna jeraha la kifua au shida ya kupumua, kwa sababu juu hewa ni nyepesi na ndege hizi hazina shinikizo la hewa ndani.

Ikishaondoka, msimamizi arudi njiani siku hiyohiyo. Atazame magurudumu yalipogusa, yalipozama na yalipogeuzia, aandike kwenye daftari tarehe, hali ya ardhi na kilichohitaji kurekebishwa. Siku ya msaragambo inayofuata ianzie kwenye ukurasa huo.

Kufunga kiwanja

Pakiharibika, fungeni. Wekeni msalaba mkubwa mweupe wa X kwenye kila ncha ya njia, kwa mabati au vitambaa vilivyobanwa na mifuko ya mchanga, na mpigie simu kila shirika lenye namba yenu, kwa sababu rubani anayekuja na mgonjwa mwingine ndani anahitaji kujua kabla hajageuza ndege kuja kwenu. Matengenezo yakiisha na gari lenye mzigo likapita bila kuzama, ondoeni misalaba yote miwili siku hiyohiyo, kisha mpige simu zilezile tena.